Bagamoyo Hatukufika

Fulana zilikuwa za njano, kifuani zimeandikwa kwa herufi nyeusi: BAGAMOYO TUMEFIKA. Nilizichapisha mimi. Nilikwenda Kariakoo, nikabishana bei na kijana wa kuchapa mpaka akanipunguzia, nikarudi kwenye kundi letu la wasapu kujisifu. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili asije mtu akadhani nawasema wenzangu huku mimi nimekaa pembeni. Katibu wa safari nilikuwa mimi. Ratiba niliiandika mimi, na hiyo ratiba ndiyo ninayokuja kuigombeza hapa.

Ilikuwa hivi. Saa nne misheni. Saa tano na nusu mji mkongwe. Saa sita na nusu Kaole. Saa nane kuku wa kuchoma na ufukwe mpaka saa kumi na moja, halafu gari. Yaani kuanzia magofu ya msikiti wa karne ya 13 mpaka boma la Wajerumani, vyote tulivipa saa nne. Tena hizo ni saa nne za kwenye karatasi, kwa sababu tulitoka Mwenge tumechelewa saa nzima tukimsubiri mwenye spika. Kuku alipewa saa tatu na hakuna aliyethubutu kumpunguzia hata dakika.

Sina ugomvi na kuku. Watu wamekaa kwenye foleni wiki nzima, bosi anapiga simu mpaka usiku, watoto wana homa. Jumamosi mtu akitaka kukaa mchangani na soda yake, nani wa kumzuia? Lakini kama tulitaka ufukwe, Kigamboni kuna ufukwe. Kunduchi kuna ufukwe. Sisi tulisema tunakwenda Bagamoyo "kuijua historia yetu", tukaandika hivyo kwenye tangazo la mchango, na wengine waliwaambia watoto wao hivyo. Kwa hiyo tuhukumiwe kwa maneno yetu wenyewe.

Hoja yangu ni hii. Safari hizi za kundi, ambazo siku hizi kila ofisi, kila jumuiya na kila darasa la zamani linazo, zimekuwa njia ya kukwepa kile tunachodai kwenda kukiona. Tunakwenda kuwalilia watumwa wasio na majina, na tunawapenda hivyo hivyo bila majina, maana asiye na jina hawezi kukuuliza kitu. Akishakuwa na jina, ana ndugu. Na ndugu zake wapo. Mmoja wao alikuwa amekaa kiti cha tatu kutoka nyuma kwenye ile kosta, na fulana ya njano amevaa.

Nitafika kwake. Nianze na jina la mji.

Mtembeza wageni wetu alitupokea vizuri, mzee wa makamo, kofia, sauti ya kusimulia. Akatueleza kile ambacho kila aliyekwenda Bagamoyo ameelezwa: kwamba jina limetokana na "bwaga moyo", kwamba mtumwa alipofika hapa, mbele yake bahari na jahazi la kumvusha Unguja, aliubwaga moyo wake, akakata tamaa, moyo ukabaki huku mwili ukienda. Wenzangu wakanyamaza. Mmoja akafuta machozi, na machozi yale yalikuwa ya kweli, sitayakejeli. Dakika mbili baadaye tukaambiwa tusogee tupige picha ya pamoja.

Sasa, watumwa walipita Bagamoyo. Hilo halina mjadala, na anayelipinga akapimwe. Lakini kuhusu jina, wako wanahistoria wanaosema mambo mengine, na wana hoja. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara, na wengi wa watu waliotembea njia ile katika karne ya 19 walikuwa wapagazi, Wanyamwezi hasa, watu huru walioajiriwa kubeba pembe za ndovu kutoka bara na kurudi na vitambaa na shanga. Mtu ametembea miezi mitatu na mzigo begani. Anaona minazi, anasikia bahari. Anabwaga mzigo, na moyo nao unatulia: atalipwa, atakula samaki, atacheza ngoma mpaka kuche. Kubwaga moyo huko ni kupumua. Kiswahili chenyewe kinaruhusu maana zote mbili, na pengine zote mbili ziliwahi kusemwa, kila moja na mtu wake.

Kwa nini hatukuelezwa ile ya pili? Nilimvuta mzee pembeni wakati wenzangu wanapanga mistari ya picha, nikamwamkia tena kwa adabu, nikamuuliza. Nilitegemea hataijua. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake.

"Dada yangu, naijua. Na nyingine nazijua. Lakini nyie mmekuja na saa moja, nawapa ya saa moja. Nikianza habari za wapagazi wageni wanaanza kuangalia simu. Nikisema watumwa wananyamaza."

Kwa hiyo wale wanaopenda kuwasema watembeza wageni kwamba wanatunga, wanatia chumvi, waanze kwanza kujisema wao. Yule mzee anauza tunachonunua. Tukimwachia nusu saa na elfu tano ya kugawana watu kumi na wanne, atatupa machozi ya bei hiyo.

Misheni ilikuwa hivyo hivyo. Mimi ni Mkatoliki, kwa hiyo hapa nasema nyumbani. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Sote tulielezwa kwamba waliwakomboa watumwa, na ni kweli: waliwanunua sokoni Unguja, wakawaleta, wakawafundisha dini na kazi, wakawaozesha, wakawapa makao kwenye kijiji chao. Ila neno "kukomboa" tulilimeza zima zima bila kutafuna. Hakuna aliyeuliza: huyo mtoto wa miaka minane aliyenunuliwa, alipokuwa mkubwa aliruhusiwa kuondoka? Nani alimchagulia mume? Shamba alilolima lilikuwa la nani? Kuuliza hivyo si kuitukana misheni. Ni kumuuliza yule mtoto habari zake, jambo ambalo mtu aliyempenda angelifanya kwanza kabla ya kupiga picha na msalaba.

Na Livingstone. Kila kundi linasimama pale kwenye mnara wa kanisa la zamani kwa sababu mwili wake ulilazwa hapo Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja na kwenda kuzikwa Uingereza. Haya. Na uliletwa na nani? Alikufa Mei 1873 kule Chitambo, Zambia ya leo. Watu wake waliuzika moyo wake palepale chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba kwa miezi tisa, zaidi ya kilomita 1,500, wengine wakafia njiani. Walioongoza ni Chuma na Susi. Alikuwemo Jacob Wainwright, Myao aliyewahi kuwa mtumwa, akasomeshwa India, aliyejua kuandika na aliyesoma maneno ya maziko. Alikuwemo Halima, mpishi. Walipofika pwani Waingereza wakauchukua mwili, wakawalipa ujira wao, kwaheri. Chuma na Susi walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yameshapita.

Kwenye kosta niliwauliza wenzangu, watu kumi na tatu wenye digrii, nani anawajua Chuma na Susi. Wawili walinyoosha mkono. Jina la Livingstone hata mwenye spika alilijua.

Sasa nifike kwenye minyororo.

Mahali pamoja tulipoingia, sitapataja kwa sababu lawama si yao, kulikuwa na minyororo ya chuma ambayo mgeni anaweza kuishika. Mweka hazina wetu, mtu mcheshi, mtu mwema ambaye amewahi kulipa bili ya hospitali ya mama yangu, aliuchukua mmoja akaupitisha shingoni, akatoa ulimi nje, akasema, "Nipige." Akapigwa. Kabla hatujapanda gari picha ilikuwa imeshafika kwenye kundi, chini yake maneno: Mtumwa wa mapenzi. Na vikatuni vya kucheka hadi machozi. Watu wakajibu kwa vikatuni. Mimi niliweka moyo. Nimerudi kuangalia mara nyingi kama kweli niliweka. Niliweka, saa sita na dakika kumi na moja.

Yule mwenzetu wa kiti cha tatu kutoka nyuma hakuweka kitu. Ni mtu wa Magomeni, tumekaa naye chumba kimoja chuoni miaka mitatu, amenipa ruhusa niandike haya kwa sharti kwamba jina lake nisilitaje. Alinisogelea tulipokuwa tunaelekea Kaole, akaniambia taratibu, "Shoga, tukimaliza huku tupite kidogo kwa Sheikh Ramiya. Dakika kumi tu. Nataka nimsomee fatiha, bibi yangu alikuwa haishi kumtaja."

Nikamtazama mweka hazina, naye akatazama saa. "Haipo kwenye ratiba," akasema, "na kuku nimeshaagiza." Nikamwambia mwenzangu: tutapita siku nyingine. Nilimwambia hivyo mimi, katibu, kwa ile sauti ya upole tunayoitumia kumkatalia mtu.

Sheikh Ramiya ni nani? Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae vizuri. Jina lake ni Yahya bin Abdallah. Alizaliwa Manyema, Kongo ya leo, akachukuliwa akiwa mtoto, akaletwa pwani, akawa mtumwa Bagamoyo katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lamki, mmoja wa wakubwa wa mji. Huyo mtoto alisoma. Akapata uhuru wake, akafanya biashara, akanunua mashamba ya minazi, akawa mwanachuoni, akawa kiongozi wa twarika ya Qadiriyya, na watoto wa waliokuwa mabwana wakaja kukaa chini mbele yake kusoma. Alikufa mwaka 1931. Mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, alikuwa mtu wa TANU na karibu na Nyerere. Na mpaka leo watu hukusanyika Bagamoyo kwa ajili ya ziara na zikri ya twarika ile, wanatoka kila pembe.

Yaani tulikuwa tumesafiri kilomita 70 kwenda kulilia watumwa, na pale mjini alikuwepo mtumwa ambaye jina lake, safari yake, mashamba yake na wajukuu wake vinajulikana. Ana kaburi. Ana wageni. Tulimkosea dakika kumi.

Lakini yeye hafai kwa machozi yetu, ndiyo maana. Mtumwa aliyekuja kuwa sheikh wa mji anatibua hesabu. Anataka uulize maswali ya kuudhi: kwamba bwana wake naye alikuwa Mwislamu na yeye akaing'ang'ania dini hiyo hiyo kuwa yake, kwamba uhuru wake hakuletewa na meli, kwamba pwani hii imejaa watu ambao babu zao waliletwa, na ambao mpaka leo kwenye mambo ya posa mtu anaweza kuwaulizia ukoo kwa sauti ya chini. Mnyororo wa chuma haukuulizi hayo. Unauvaa, unatoa ulimi, unauweka chini.

Kaole tulikuwa hovyo zaidi, na hapa sina wa kumsingizia. Asubuhi kanisani nilipiga goti, nikafanya ishara ya msalaba, nikamnong'oneza aliyekuwa anacheka akae kimya. Wenzetu wawili Waislamu walibaki nje chini ya mti kwa heshima zao. Saa saba mchana, kwenye magofu ya msikiti na makaburi yale ya nguzo, mimi huyohuyo nilikaa kwenye ukingo wa kaburi la mtu, naganga njaa kwa korosho. Mwingine alipanda juu ya ukuta wa kibla ili droni impate vizuri. Kuna kaburi pale ambalo watu wa hapo bado huenda kuomba dua. Sisi tulisikia "magofu" tukadhani maana yake ni kwamba wenyewe hawapo. Nani alituambia kwamba paa likianguka utakatifu nao unaanguka? Kanisa la kwanza la misheni lingekuwa gofu, ningelikalia?

Kila mmoja anaheshimu pake, kwa wenzake ni mandhari ya picha. Halafu tunaandika kwenye tangazo "umoja wetu".

Najua majibu yatakayokuja, mengine nimeshayapata. La kwanza: unatuharibia furaha, watu walifurahi. Ni kweli walifurahi, na mimi nilifurahi, yule kuku alikuwa mtamu. Lakini mmoja hakufurahi, na usiku ule saa tatu na nusu simu ilionyesha mstari mdogo wa kijivu kwamba ametoka kwenye kundi. Hakusema neno. Watu wakadhani kifurushi kimemwishia, wengine wakasema ametoka kwa sababu ya mchango wa send-off ya mwezi ujao. Ilinichukua siku nne kumpigia, na siku hizo nne nilikuwa najua.

La pili lina uzito zaidi, nalo alinipa mwalimu wa historia aliyekuwa pamoja nasi: eti tutajuaje majina, wakati historia yetu iliandikwa na wazungu, na sisi tumeachiwa minyororo tu. Mwalimu, samahani, shikamoo, lakini hapana. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa mtu wa Bagamoyo. Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapwa mwaka 1903 na Carl Velten, sehemu kubwa yake ni kazi ya Mtoro, kwa Kiswahili, Kiswahili chetu. Mna habari za watumwa mle: mzalia ni nani, mjinga aliyeletwa karibuni ni nani, nani alikula na nani, nani alivaa viatu mbele ya nani. Huyo Mtoro alikwenda Berlin kufundisha lugha, akaoa Mjerumani, akajaribu kurudi naye nyumbani, serikali ya kikoloni ikawazuia, akafia hukohuko Berlin mwaka 1927. Ukitaka mtu aliyeuacha moyo wake Bagamoyo, si huyo? Siku nzima tuliyokaa Bagamoyo jina lake sikulisikia, na mimi niliyekuwa nalijua sikulitaja, kwa sababu spika ilikuwa inapiga.

Na si yeye peke yake. James Mbotela aliandika Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, habari za watu waliokombolewa na kuwekwa Freretown, Mombasa, na babake mwenyewe alikuwa mmoja wao. Peponi ya Gurnah imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis, ipo, na mle mna mtoto anayechukuliwa kwa deni la baba yake na kuingizwa kwenye msafara wa kwenda bara. Vitabu vitatu, bei yake yote haifiki mchango wa mtu mmoja wa kosta ile. Tulikuwa na wiki sita za kujiandaa. Wiki sita hizo tulizitumia kujadili rangi ya fulana.

La tatu, na hili linaniudhi: kwamba haya ni mambo ya zamani, soko lilifungwa 1873, tusifukue. Soko la Unguja ndilo lililofungwa 1873. Utumwa wenyewe Tanganyika haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1922, chini ya Mwingereza. Mjerumani alikuja akatawala akaondoka, ukiwa bado upo. Mwaka 1922! Hiyo si zamani za mifupa. Mama yake bibi wa mwenzetu alikuwa ameshazaliwa. Alikuwa mwanamke mzima mwenye mtoto mgongoni.

Haya aliniambia siku ya nne, nilipompigia, halafu nikapanda daladala kwenda Magomeni kwa sababu simu haikutosha. Tulikaa uani. Alinikaribisha chai bila kunitazama sana. Bibi yake, alisema, hakuwahi kutamka neno "mtumwa". Alikuwa akisema "mama aliletwa". Aliletwa na nani, kutoka wapi, akiwa na umri gani, hasemi. Anasema aliletwa, anaendelea kuchambua mchele. Ila mara moja kwa mwaka alikuwa mtu mwingine. Wanawake wa mtaa walichanga kidogo kidogo kwa miezi, mchele, sukari, mafuta ya taa, wakakodi gari, wakaenda Bagamoyo kwenye ziara. Walifikia kwenye nyumba za watu, wakalala kwenye mikeka, wakapika kwenye masufuria ya wenyeji, wakakesha na zikri. Bibi alikuwa akirudi sauti imekauka, miguu imevimba, anacheka. Na alikuwa akisema, "Nimetoka kwa mtu wetu." Mmanyema, aliyeletwa kama mama yake.

"Na mimi nilikuwa nimevaa fulana yenu ya njano," mwenzangu akaniambia, "napita hapo hapo, naangalia mtu amevaa mnyororo anaandika mtumwa wa mapenzi. Na wewe umempa moyo."

Sikuwa na la kujibu, na sina.

Nimekuwa nikifikiria zile safari za bibi yake. Nazo ni safari za kundi, za marafiki, kwenda mahali pa kale na pa ibada. Gari la kukodi, mchango, mweka hazina, nyimbo njiani, bila shaka na ugomvi wa nani hakulipa. Ukiziweka pamoja na zetu kwenye karatasi hutaona tofauti. Ila wao walikuwa wanakwenda kwa mtu. Mtu mwenye mji, mwenye wenyeji wa kubishiwa hodi, mwenye adabu za kuingilia. Walifika wakiwa wageni, na mgeni ana kazi zake: anaamkia, anaulizwa habari za huko atokako, anaosha vyombo. Sisi tulifika tukiwa wateja. Hatukumwamkia mtu yeyote Bagamoyo zaidi ya mtembeza wageni na mchoma kuku. Watu kumi na wanne, siku nzima, katika mji ambao watu wanaishi.

Hapo ndipo kundi linapodhuru. Mtu akisafiri peke yake atapotea njia, atamuuliza muuza maandazi, muuza maandazi atamuuliza wewe ni mtoto wa nani, na hapo mambo yanaanza. Wawili bado wanaweza. Kumi na wanne wenye spika wana kila kitu chao, hawamhitaji mwenyeji hata kwa chumvi. Tunajizungumza wenyewe kwa wenyewe mbele ya makaburi ya watu, halafu tunarudi tukisema tumeona.

Sisemi watu waache kusafiri pamoja. Nasema kosta ikifika, ile spika ibaki ndani. Aliye na ndugu, na babu, na kaburi pale aulizwe kabla ratiba haijaandikwa. Kwenye kila kundi la watu wa nchi hii yupo, na mara nyingi amekaa kimya kwa sababu hajui akisema mtamtazama vipi. Mzee mtembeza wageni alipwe kwa nusu siku, sio nusu saa, muone kama hatawatolea yale anayowaficha. Na kama muda hautoshi, Kaole iachwe. Mahali pamoja panatosha. Kuku anaweza kusubiri, ameshakufa.

Juzi kundi limefufuka. Kilwa Kisiwani, mwezi wa kumi na mbili, siku tatu, boti imeshaulizwa bei. Ujumbe wa tatu ulikuwa wangu kutajwa: katibu, vipi fulana, safari hii ziwe za bluu? Nikaandika kwamba fulana sichapi. Nikaandika na sababu, kwa kirefu, karibu yote haya mliyosoma, isipokuwa mambo ya Magomeni. Kimya. Halafu mwalimu wa historia akaomba jina la kile kitabu cha Mtoro. Mweka hazina, na huyu ndiye sikumtegemea, aliifuta ile picha, ingawa baada ya muda wote huo wasapu haikumruhusu kuifuta kwa wote, ikabaki kwenye simu zetu. Akaniandikia pembeni: "Sikujua. Ningejuaje?"

Nikamjibu kwamba mimi nilipita naye mlango mmoja na sikujua pia, na kwamba sitakwenda Kilwa kwa sababu nimealikwa kwingine. Mwenzangu ameniambia ziara ikikaribia atanitaarifu, tutafikia kwa shangazi yake Bagamoyo, Ukristo wangu hakuna atakayeuuliza, nitaulizwa kama nimekula.

Akauliza, "Mchango shilingi ngapi?"

Nikamwambia mchango sijaambiwa. Nimeambiwa nije na kanga mbili, na nijue kuchambua mchele.